Meno ya Nguruwe na Sala ya Mama Yako

Nyamache, Jumamosi alasiri

Kemunto mwanangu,

Usishangae kwamba nakuandikia wakati tunalala nyumba moja na jioni hii tutamega ugali mmoja. Ukiwa mbele yangu nitaanza kukutania, wewe utacheka, na kesho basi litaondoka nikiwa bado sijasema kitu. Sasa umeenda Birongo kumuaga dada yako, mama yako yuko kanisani, nami nimebaki nyumbani kwa sababu mgongo unaniuma. Mgongo wangu huuma sana zile Sabato ambazo mzee wa kanisa ndiye anayehubiri.

Mambo ya blanketi, sabuni na jinsi ya kuvuka barabara za Nairobi sitayagusa. Umeshaambiwa na kila mtu, hata na watu ambao hawajawahi kufika Nairobi. Na nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu habari ninayotaka kukupa niliipata kwa Kiswahili, kambini nilikofanya kazi, na nikiigeuza iwe Ekegusii inapungua njiani. Shule niliiachia darasa la nne. Ukikuta kosa, lirekebishe na usiniambie.

Jana jioni, tulipoifungua Sabato, mama yako aliwaombea watoto wake kwa majina, kuanzia kifungua mimba. Alipofika kwako akameza mate, kisha akahamia kwa ng'ombe. Ng'ombe waliombewa, Kemunto, hata yule mkorofi anayempiga mateke kila asubuhi. Wewe ulirukwa. Mimi sikuwa nimefumba macho, sifumbi kamwe, kwa hiyo niliuona uso wako.

Tangu siku ile barua ya chuo kikuu ilipokuja, ikisema unakwenda kusomea miamba na viumbe vya kale, mama yako amesema hatakuombea safari hii wala hatakusindikiza kwenye basi. Wewe unadhani amekasirika. Hakukasirika, anaogopa. Mzee wa kanisa alimwambia kwamba wote wanaokwenda kusoma mifupa ya kale hurudi wakisema hakuna Mungu. Sasa kila akilala anaiona siku ya parapanda: amefufuka, anawatafuta watoto wake, wote wapo, wewe hupo. Hofu ya namna hiyo siwezi kuicheka, na unajua mimi hucheka karibu kila kitu.

Na aliyeiingiza habari ya mifupa ya kale ndani ya nyumba hii ni mimi. Kwa hiyo acha nikusimulie vizuri, maana miaka yote nimekusimulia vichekesho tu.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, wewe bado mdogo. Chai yetu ilikuwa ndiyo kwanza imepandwa, haijaanza kuchumwa, nami nikashuka kwenda kutafuta kazi kule chini, upande wa ziwa, kwa Wajaluo. Huko kulikuwa na kambi ya watu wanaochimba mifupa iliyogeuka mawe, hiyo mnayoiita visukuku. Mkubwa wa kambi alikuwa Mzungu mwembamba ambaye neno lake kubwa la Kiswahili lilikuwa "polepole". Ukishika sururu, polepole. Ukimimina chai, polepole. Tukamwita Bwana Polepole, na nadhani alilipenda jina hilo. Msimamizi wetu alikuwa Odhiambo, Mjaluo mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ambo. Siku ya kwanza aliniangalia mikono.

"Omogusii, umewahi kufanya kazi ya mawe?"

"Mimi?" nikamwambia. "Mimi nimezaliwa juu ya jiwe."

Ilikuwa nusu ya kweli. Ujana wangu niliumalizia kwa mjomba wangu kule Tabaka, tukichonga yale mawe yetu laini: ndovu, viboko, bakuli za kuwauzia wageni. Unaijua kazi ile. Unachonga kwa kisu, unasugua kwa msasa ndani ya maji, ukimaliza unapaka nta. Mjomba alikuwa na fundisho moja tu, nalo alilitoa kwa kofi: jiwe lenye kikwaruzo bado halijaisha. Sugua.

Basi Odhiambo akanipa jino. Gego zima, kubwa kuliko kidole gumba changu, juu limejaa vinundu kama mgongo wa mamba, na udongo umekwama katikati. Akasema, "Lisafishe," akaenda zake.

Nililisafisha, Kemunto. Lilikuwa gumu ajabu, kwa hiyo nilianza na jiwe la kunolea panga, nikaja kwenye msasa na maji, nikasugua Jumapili nzima huku wenzangu wamelala kivulini. Vinundu vyote vikaisha. Jioni lilikuwa laini kama yai. Nikalipaka nta ya mshumaa. Nikampelekea Bwana Polepole mwenyewe, kwa mikono miwili, nikijua kwamba leo napandishwa cheo.

Alilitazama. Akaligeuza. Akavua miwani, akaketi juu ya debe.

"Odhiambo," akasema, "huyu mtu amelifanya nini?"

Odhiambo akaja, akachungulia. "Amelinyoa, bwana."

Tangu siku hiyo jina langu kambini likawa Kinyozi. Mpishi aliniita Kinyozi, watoto wa kijiji waliniita Kinyozi, na kuna kina mama waliokuja kuuza samaki ambao mpaka leo wanaamini nilizaliwa nikiitwa hivyo. Lakini Bwana Polepole hakunifukuza. Ningekuwa yeye, ningenifukuza. Kesho yake aliniita, akafungua sanduku lenye meno yaliyolazwa juu ya pamba, akanionyesha nilichokuwa nimekisugua.

Meno yalikuwa ya nguruwe. Lile korongo tulilokuwa tunachimba lilikuwa na udongo uliolala safu juu ya safu, kama blanketi zilizopangwa kitandani. Ya chini ilitandikwa kwanza, ya juu ikaja baadaye. Hakuna mtu anayetandika blanketi la juu kabla ya la chini, hata mimi ambaye sitandiki. Chini kabisa udongo ulikuwa mwekundu, na humo gego la mwisho la nguruwe lilikuwa fupi, lenye vinundu vichache. Juu kabisa udongo ulikuwa wa kijivu, umechanganyika na majivu ya volkano, na humo gego lilelile lilikuwa refu karibu mara mbili, limenyanyuka, vinundu vimebanana. Lile fupi, akasema, ni la kula mizizi na vitu laini. Lile refu ni la kusaga nyasi kavu zenye mchanga.

"Bwana," nikamwambia, "hapa hakuna la ajabu. Hawa ni makabila mawili ya nguruwe, kama mimi na Odhiambo."

"Mimi ni yule wa juu," akasema Odhiambo.

Bwana Polepole alicheka, kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. Kama ni makabila mawili tu, akasema, safu ya katikati haina deni nasi, tutapata lolote humo. Lakini kama hawa wa juu ni wajukuu wa wale wa chini, basi katikati limelala jino la katikati. Vinundu vyake vitakuwa vingi kuliko vya babu, vichache kuliko vya mjukuu. Na lile nililolinyoa mimi, Kemunto, lilitoka wapi? Safu ya katikati. Lilikuwa la kwanza kupatikana humo. Lingetuambia, nami nilikuwa nimelifuta mdomo.

Usidhani niliamini hapo hapo. Kichwa changu ni cha huku milimani, kinaingia kitu baada ya kugongwa. Nilichukua jino refu kwenye sanduku la safu ya juu, nikalifukia chini kabisa kwenye udongo mwekundu, nikakaa siku kadhaa, halafu nikapiga kelele kwamba nimepata ajabu. Bwana Polepole akaja mbio, kwa mara ya kwanza si polepole. Akalifuta kwa brashi, akalipeleka mwangani.

"Kinyozi, hili limetoka juu."

"Umejuaje, bwana?"

Jino hunywa rangi ya udongo linamolala, akasema. Yote yaliyotoka kwenye udongo mwekundu yalikuwa kama kutu. Hili lilikuwa la kijivu, na majivu bado yamejificha ndani ya vinundu. Nikasubiri matusi. Badala yake akaniambia hivi: nenda ukatafute la kweli. Ukipata jino refu kama hili chini kabisa, lililolala humo lenyewe, nitajua nimekosea, nitafunga kambi nikaanze kufikiri upya.

Unaweza kuwazia? Mkubwa mzima anakuonyesha mahali pa kumwangushia. Nilitafuta kwa bidii kuliko wote, kwa tamaa tu ya kumfungisha kambi. Nilitambaa chini kule mpaka magoti yakaota sugu. Mafupi niliyapata. Refu, hata moja. Na siku moja baada ya mvua kubwa nilipokuwa nimepanda safu ya katikati, niliona kitu kimetokeza ukingoni. Nililala kifudifudi nikakipuliza. Gego. Sikuligusa. Niliita mpaka sauti ikakauka, na Odhiambo alipofika akaanza kwa kuitazama mikono yangu kama nimeshika msasa.

Walilipima. Si fupi, si refu. Vinundu vyake navyo vilikuwa hapo katikati. Alikuwa amelisema kabla hajaliona. Kemunto, watu wengi husema mambo baada ya kuyaona, nami nimo. Yule alisema kwanza, kisha ardhi ikaitikia. Hapo ndipo nilipoamini.

Kuna kitu kimoja ambacho kilinisumbua bado. Nilifikiri kwamba nguruwe mmoja alitafuna nyasi ngumu mpaka jino likarefuka, kama viganja vyangu vilivyoota sugu. Bwana Polepole akaniuliza mke wangu huchaguaje mahindi ya mbegu. Nikamwambia anatoa mahindi yaliyojaa vizuri, anayafunga, anayaning'iniza juu ya moshi, mengine tunakula. Akasema basi, hivyo hivyo. Hakuna hindi linalojirefusha. Lililo bora ndilo linalopata watoto. Nguruwe mwenye jino fupi lilimwisha mapema akafa na njaa, mwenye jino refu kidogo aliishi akazaa tena, na watoto wakafanana naye. Hivyo tu, kizazi baada ya kizazi. Vitabuni mwenu mnasema mageuko. Mimi nilikuwa nimekaa nayo jikoni kwangu miaka yote, nikiyala.

Na kulikuwa na mapengo, nisikudanganye. Palikuwa na safu ambamo hatukupata hata kucha. Nilimuuliza Bwana Polepole nini kilikuwa hapo, akasema "Sijui", akanywa chai. Nilikuwa sijawahi kumsikia mkubwa akilitamka neno hilo bila kukunja uso.

Tuje nyumbani sasa. Mama yako ni Msabato wa kweli, nguruwe kwake ni najisi, hamtaji hata akiwa mbali. Mimi niliporudi likizo nilimwambia kwamba kazi yetu ni ya mifupa ya ng'ombe wa zamani. Akafurahi, ng'ombe ni watu wema. Halafu Odhiambo akaja kutusalimia, tukamchinjia kuku, na katikati ya chakula akasema kwa ile sauti yake, "Mama, huyu mume wako ni bingwa wa nguruwe!" Unakumbuka sufuria ilivyowekwa chini? Nilioga mtoni siku hiyo mara mbili, na suruali yangu ilichemshwa kwenye debe kama mihogo. Wewe ulikuja kujificha nami nyuma ya jiko, ukiwa na kidole mdomoni, ukaniuliza:

"Tata, yule nguruwe wa kwanza alijua kwamba wajukuu wake watakuwa na meno marefu?"

Kazi yote ile nilikuwa nimeifanya bila kuuliza swali hilo. Nilikuambia hapana, hakujua. Ukasema, "Maskini." Hapo ndipo nilipoanza kukuogopa kidogo, na kukushukuru.

Kwa hiyo, mwanangu, nilinyoa mara mbili. Kambini nililinyoa jino ili limpendeze mkubwa, na nyumbani niliinyoa habari ili mama yako aimeze bila kukwama. Na mara zote mbili kilichoondoka ndicho kilichokuwa kinasema. Wewe utakwenda kukaa kati ya watu waliosoma sana, na wengine watakucheka ukifumba macho mbele ya chakula. Usiwanyolee. Na likizo utarudi huku, mzee wa kanisa atakuuliza kama babu yako ni nyani. Mimi aliniuliza. Nilimwambia babu yangu nilimwona kwa macho, na nyani angekataa undugu naye. Lakini wewe usitumie jibu hilo, ni la mtu asiyesoma. Mimi mifupa ya watu wa kale sikuichimba, nguruwe tu ndio niliowajua, na siwezi kuapia nisichokishika. Wewe utaiona. Ukiiona, tuambie ilivyo, na vinundu vyake. Mama yako ataweza kuitafuna. Ana meno.

Nina shukrani nyingi kuliko karatasi. Namshukuru Bwana Polepole kwa kutonifukuza, na Odhiambo kwa kunicheka, maana angeninunia ningekimbia nirudi kuchonga viboko. Namshukuru mama yako, ambaye miaka ile nikitambaa makorongoni alibaki na mgomba na jembe na ninyi wote, na majani ya chai ya kwanza ya shamba hili yalichumwa na vidole vyake. Karo yako ilitoka hapo, si kwenye nguruwe wangu. Na wewe nakushukuru kwa lile "maskini".

Ngoja. Mama yako ameingia.

Kemunto, naendelea, jua limeshuka kidogo. Alivua viatu, akaketi, akanitazama.

"Baba Kemunto, mgongo unauma na unaandika?"

"Siandikii mgongo."

"Nisomee."

Nikamsomea, nikigeuza kwa lugha yetu kadiri nilivyoweza. Sikuruka kitu. Pale pa ng'ombe kuombewa aliangalia sakafu. Pale pa Kinyozi alijifunika mdomo kwa leso, usimwambie nimekuambia. Nilipomaliza akashika pale pa mahindi.

"Mimi nachagua mbegu kwa sababu nina macho," akasema. "Nyasi zilizowachagua nguruwe, nazo zina macho?"

"Hazina."

"Basi zilichaguaje?"

"Bila kujua. Mwenye jino fupi anakufa leo, mwenye refu anazaa tena mwakani. Kwa kuwa hazioni, ilichukua muda mrefu sana."

"Mrefu namna gani?"

"Bwana Polepole aliniambia, nikaona ni uongo, nikamuuliza tena, akasema vilevile. Ukichukua tangu babu wa babu yako mpaka leo, hiyo ni kama kupenga kamasi."

"Wewe na mdomo wako." Akaikunja leso. "Na Mungu alikuwa wapi muda wote huo?"

Nilitaka kutania, nikajizuia, na unajua jambo hilo lilivyo gumu kwangu. Nikamwambia, "Sijui, mama Kemunto. Kwenye udongo ule sikuona alama ya kwamba aliondoka."

Aliinuka akaenda nje. Nilimsikia akimfukuza kuku, akikata ndizi, akirudisha panga mahali pake. Nikadhani yameisha. Halafu akasimama mlangoni, mikono bado ina utomvu, akasema, "Andika." Nimeandika kama alivyosema, kwa utaratibu wake:

"Mwambie kesho nitamsindikiza mimi mpaka basi liondoke. Mwambie jana jina lake lilinikwama, sikulisahau. Kuiombea hiyo kazi ya mifupa bado siwezi, na sitaki kumdanganya Mungu kwamba naweza. Lakini mwambie hivi: kama Mungu alimpa nguruwe muda wote huo, naye Kemunto anipe mimi muda kidogo."

Mimi,
tata yako